Ramani Yasema Netiwaki Ipo. Je, Hapa Kwetu Ipo?

Somo kwa vikundi vinavyotaka kulipia intaneti



Katika somo hili tunajibu swali ambalo vikundi vingi vimetuletea ofisini: tunataka intaneti ya kikundi, tuchukue ya kampuni gani? Tutaanza na kisa, kwa maana kilitufundisha sisi wenyewe kabla hatujawafundisha ninyi.

Kuna kikundi kimoja upande wa nyuma wa milima ya Mbooni, kule Makueni. Wengi ni akina mama, na wazee wachache. Wanakusanya maembe na kuyauza kwa pamoja. Siku hizi mnunuzi huleta maagizo kwa WhatsApp, malipo huingia kwa simu, na ukitaka cheti cha ushuru au kujiandikisha kwa bima ya SHA, mambo yanapitia kwa intaneti. Kila mara katibu alikuwa anapanda matatu hadi sokoni kwenda saiba. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, pesa ya saiba, na siku nzima imekwisha. Wakakaa chini, wakahesabu, wakaona heri kikundi kiwe na ruta yake.

Kijana wa mauzo wa kampuni moja akaja mkutanoni na ramani ya rangi ndani ya simu. Wakatafuta kijiji chao, na kweli kilikuwa ndani ya rangi. Wakafungua kasha la akiba wakatoa shilingi 14,000, ruta pamoja na malipo ya miezi mitatu.

Ruta ikawekwa nyumbani kwa mweka hazina. Taa zikawaka vizuri, lakini intaneti wapi! Mara inakuja, mara imepotea. Ukiiweka kwa dirisha la upande wa mashariki unapata kidogo, ukiondoka hapo hakuna. Kampuni ilipopigiwa simu ikajibu kwamba kulingana na ramani yao, eneo hilo lina netiwaki. Basi maneno yakaanza. Mbona ruta iko kwa mweka hazina? Mbona alikubali haraka hivyo? Amepewa kitu na yule kijana? Mama yule alilia mbele yetu. Hakuwa amekula hata senti moja. Alikuwa ameamini rangi.

Na sisi tusijifanye wema. Tulikuwa tumeonyeshwa ramani ile ile kabla ya pesa kutolewa, tukaitazama kwa dakika mbili tukasema, "Ni sawa, endeleeni."

RAMANI HUTENGENEZWAJE

Wengi wetu tukiona ramani yenye rangi tunafikiri kuna mtu alipita kijiji kwa kijiji akipima. Mara nyingi sivyo. Kampuni inajua minara yake iko wapi, au busta kama wengi tunavyoiita. Inajua kila mnara una urefu gani, umeelekea wapi na una nguvu gani. Habari hizo zinaingizwa kwenye kompyuta pamoja na ramani ya vilima na mabonde, na kompyuta inakadiria mawimbi yatafika hadi wapi. Pale makadirio yanaposema yatafika, inapaka rangi.

Kukadiria si uongo. Ni kama mtu anayesimama kando ya shamba akasema hapa patatoka magunia kumi. Anaweza kuwa sawa. Lakini hajavuna.

Kuna mambo ambayo makadirio hayo hayaoni vizuri. La kwanza ni nyumba zetu. Mabati huzuia mawimbi na kuyarudisha, na nyumba iliyo mabati juu na kuta zote ni kama debe lililofunikwa. Ramani nyingi hupima mtu aliyesimama nje na simu mkononi, si mama aliye jikoni. La pili ni bonde dogo. Kompyuta inaona mlima mkubwa, lakini mteremko mfupi ulio kati ya boma lako na busta inaweza kuupita bila kuuhesabu. La tatu ni wingi wa watu. Busta moja ni kama mfereji mmoja wa maji. Saa kumi usiku una maji tele, saa mbili usiku kila mtu ana mtungi wake kwenye foleni. Ramani inakuonyesha mfereji ulipo, foleni haikuonyeshi.

Kuna pia aina ya mawimbi. Yapo yanayokwenda mbali na kupenya, kama yale ya megahatsi 800, na yapo yanayobeba mzigo mkubwa lakini yanachoka haraka, kama ya megahatsi 2600. Fikirieni ngoma kubwa na filimbi. Zikipigwa pamoja kilimani, aliye ng'ambo ya pili ya bonde atasikia ngoma tu. Kwa hiyo majirani wawili, wenye simu mbili za aina tofauti, wanaweza kubishana kuhusu busta hiyo hiyo na wote wawili wakawa wanasema ukweli.

WAPI PA KUZIPATA, NA JINSI YA KUZILINGANISHA

Hapa Kenya tafuteni kwanza ramani za kampuni zenyewe. Safaricom, Airtel na Telkom wanatumia minara ya simu. Jamii Telecommunications, wenye jina la Faiba, wana waya na pia minara. Starlink wanatumia setilaiti tangu walipoingia Kenya Julai 2023, nao wana ramani yao inayoonyesha wanakouza. Kama hamna intaneti ya kuzifungulia, na hiyo ndiyo shida iliyotuleta hapa, katibu afungue saiba siku ya soko, apige picha ya kila ramani akiwa amekaribia kijiji chenu, aje nazo mkutanoni.

Kisha tafuteni ramani za watu wasiouza intaneti. Ziko za nPerf, Opensignal na Ookla, wenye programu ya Speedtest. Hizi zimetokana na simu za watu waliopima wenyewe mahali walipo. Uzuri wake ni kwamba mtu kweli alikuwa pale. Ubaya wake ni kwamba pasipopita mtu mwenye programu hiyo, panabaki peupe. Mkizitazama kwa mashambani mtaona mstari wa rangi unaofuata lami, na kando yake hakuna kitu. Maana yake ni kwamba waliopima walikuwa ndani ya matatu. Msiseme "peupe hakuna netiwaki," wala msiseme "lami ina netiwaki kwa hiyo na sisi tunayo." Kilomita nne kutoka lami ni nchi nyingine.

Sasa kulinganisha. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na sisi tulikosea hapo. Tuliweka ramani mbili kando kando tukasema yenye rangi nyingi ndiyo bora. Kumbe kijani ya kampuni moja ilikuwa na maana ya 4G, na kijani ya nyingine ilikuwa na maana ya "kupiga simu kunawezekana." Kila ramani ina ufunguo wake, yale maelezo madogo chini au pembeni. Usomeni kabla ya kutazama rangi. Rangi hii ni ya 2G, 3G, 4G au 5G? Ni nje ya nyumba au ndani? Ramani ni ya mwezi gani na mwaka gani? Kuna rangi inayomaanisha "tutafika hivi karibuni"? Hiyo ya mwisho iangalieni sana, maana katika ramani nyingine inafanana na ile ya "tumefika" mpaka macho yenye miaka arobaini na kitu kama yetu hayatofautishi.

Na tarehe ina maana. Mwaka 2020, mwezi wa Julai, Telkom Kenya na kampuni ya Loon walianza kutoa intaneti kwa baluni zilizoruka juu sana angani, juu ya sehemu za magharibi na kati za nchi yetu. Eneo lililotajwa lilikuwa karibu kilomita mraba 50,000. Ilipofika Januari 2021 Loon ilitangaza kwamba inafunga, na baluni zikaondoka. Aliyetazama ramani ya mwaka 2020 katika mwaka 2022 alikuwa anatazama kitu kilichokwisha kushuka.

Pia mtasikia asilimia. "Tumefikia asilimia 95 ya Wakenya." Ni asilimia ya watu, si ya ardhi. Katika sensa ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu karibu milioni 4.4 katika kilomita mraba 700 hivi. Marsabit ina karibu kilomita mraba 71,000, mara mia ya Nairobi, na ilikuwa na watu wasiofika 460,000. Kampuni ikiweka minara Nairobi peke yake imepata watu wengi kwa ardhi kidogo. Ikiiacha Marsabit yote, asilimia yake haipungui hata moja. Basi asilimia hiyo haimwambii mtu wa Mbooni, wala wa Laisamis, kama yeye yumo.

MAREKANI NAO WALIDANGANYWA NA RANGI

Msifikiri ni mambo ya kwetu tu. Serikali ya Marekani ilikuwa imepanga kutoa dola bilioni 4.5, kwa muda wa miaka kumi, ili 4G ifike mashambani. Wakauliza kampuni: tuonyesheni kwa ramani mahali ambapo mmekwisha kufika, ili pesa ziende kwingine. Kampuni zikaleta ramani. Katika jimbo la Vermont, lenye vilima na misitu mingi, ramani zilionyesha kwamba karibu kila mahali kumefikiwa. Wananchi walishangaa, kwa sababu walijua mahali ambapo simu hukatika.

Afisa mmoja wa idara ya huduma za umma ya jimbo hilo akachukua gari ndogo, akaweka simu sita, na mwaka 2018 akazunguka barabara za Vermont zaidi ya kilomita 9,000 huku simu zikijipima zenyewe. Aliyoyapata hayakufanana na ramani. Baadaye Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikatuma wafanyakazi wake wapime katika majimbo kadhaa, wakasafiri karibu kilomita 16,000. Desemba 2019 wakatoa ripoti. Kasi ya chini kabisa iliyoahidiwa na ramani, megabiti 5 kwa sekunde, ilipatikana katika asilimia 62 hivi ya vipimo vya barabarani. Vilivyobaki havikufika hapo.

Mpango ule wa pesa ukaachwa. Machi 2020 ikapitishwa sheria ya kudai ramani mpya, na ndani yake mwananchi akapewa njia ya kupinga ramani kwa kuleta vipimo vyake. Ramani hiyo mpya ilitoka Novemba 2022.

Kwa nini tunawasimulia ya Vermont? Kwa sababu kule hasara haikuwa ya aliyenunua ruta mbovu peke yake. Kijiji kilichopakwa rangi kwa makosa kilikuwa kinatolewa kwenye foleni ya msaada. Na sisi hapa tunayo foleni kama hiyo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina Mfuko wa Huduma kwa Wote, wa kusaidia minara ijengwe mahali ambapo kampuni haioni faida. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta kata ndogo 164 ambazo hazikuwa na netiwaki ya simu hata kidogo, na baadhi ya hizo zilijengewa minara kwa pesa za mfuko huo. Sasa kata ndogo yenu ikihesabiwa kwamba imefikiwa, kwa sababu kilele kimoja cha kilima kinapata netiwaki, nani atakuja kuwaulizia ninyi mlio bondeni?

CHORENI RAMANI YENU WENYEWE

Wale wa zamani katika vikundi wanakumbuka tulivyokuwa tukichora ramani ya kijiji chini kwenye udongo, tukitafuta mahali pa kuchimba kisima. Kazi ni ile ile. Fagieni uwanja. Mto uchoreni kwa jivu, barabara kwa makaa, maboma kwa mawe, shule na zahanati kwa vijiti. Kilima kiinueni kwa mchanga, msikichore tu, kwa maana katika somo hili urefu una kazi.

Halafu ulizeni: wapi watu husimama kupiga simu? Kila kijiji kina mti wake wa netiwaki, au kichuguu, au ile kona ya njia ambapo vijana hukaa jioni. Akina mama na watoto wa shule wanapajua kuliko mtu yeyote. Tulimsikia msichana mmoja akisema, "Laini ya baba inashika kwa choo tu." Watu walicheka, lakini tuliandika. Ni habari ya maana, inaonyesha upande ambao busta iko. Wekeni punje ya maharagwe mahali ambapo laini ya kwanza inafanya kazi, punje ya mahindi mahali pa laini ya pili, na mahali pasipo na chochote acheni udongo mtupu. Kabla kuku hawajaja, nakilini kwenye karatasi ya manila.

Ramani hiyo ya punje inawapa kumbukumbu za watu. Sasa ipimeni. Chagueni mahali pasipozidi patano, pale mnapofikiri ruta inaweza kukaa na pale wanachama wengi wanapoishi. Tumieni simu moja ya 4G kwa laini zote, maana mkipima laini hii kwa simu mpya na ile kwa simu iliyovunjika mtakuwa mmelinganisha simu. Hakikisheni pia laini yenyewe ni ya 4G. Laini za zamani huenda zikahitaji kubadilishwa. Nunueni bando la siku moja kwa kila laini. Pimeni saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku. Ile ya usiku msiiache, ndiyo yenye ukweli mwingi.

Kila mahali simameni nje kwanza, kisha ndani na mlango umefungwa. Andikeni kwenye daftari herufi inayoonekana juu ya simu. Ukiona 4G au LTE, vizuri. 3G au H, mtavumilia. E, hiyo ni ya zamani, ukurasa wa eCitizen utafunguka ukiwa umekwisha kusinzia. Kisha pimeni kasi kwa programu ya Speedtest, ambayo ni ya bure, lakini kumbukeni inakula bando, kipimo kimoja kinaweza kula makumi ya megabaiti. Kasi huandikwa kwa megabiti kwa sekunde. Kwa maandishi ya WhatsApp hata chini ya moja inatosha. Kuonana uso kwa uso na mnunuzi kunataka moja au mbili. Vijana wanne wakifuata masomo ya video kwa pamoja, zidisheni kwa nne.

Kuna namba nyingine iliyojificha ndani ya mipangilio ya simu nyingi, penye habari za simu na laini. Inaitwa nguvu ya mawimbi, na huandikwa kwa alama ya kutoa mbele na herufi dBm nyuma. Isomeni kama deni. Mwenye deni la 85 yuko nafuu kuliko mwenye deni la 110. Kwa 4G, kama deni ni chini ya 95 mko vizuri. Likipita 110 ruta itawasumbua, hata mkiambiwa namna gani. Tunaipenda namba hii kwa sababu haina ubishi na haili bando.

Fanyeni hivyo siku tatu au nne, na moja iwe siku ya mvua au siku ambayo stima imepotea. Busta nyingine ina betri ndogo. Stima ikipotea kwa muda mrefu, nayo inalala.

WAYA NA DISHI

Kwa waya wa faiba tutasema machache. Mkiona mafundi wanachimba mtaro kando ya barabara, au waya mweusi umefungwa kwenye nguzo za stima, msifurahi mapema. Wengi wetu tunaishi karibu na bomba kubwa la maji linalopita kwenda mjini, na bado tunachota mtoni. Faiba ni hivyo hivyo. Ramani inaweza kuonyesha mstari unapita mlangoni, na mahali pa kuunganisha pakawa mjini, kilomita ishirini kutoka hapo. Ulizeni: mahali pa karibu pa kuunganisha ni wapi, na nani analipia nguzo kutoka hapo hadi kwetu?

Dishi la setilaiti halitegemei busta, na kwa mabonde yaliyofichwa linaweza kuwa ndilo jibu. Ramani yake nayo ina mambo yake. Inaonyesha mahali ambapo kampuni iko tayari kuuza, na si mbingu peke yake inayoamua. Mwezi wa Novemba 2024 Starlink walisimamisha kuuza Nairobi na kaunti jirani, yaani Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kwa sababu watumiaji walikuwa wamejaa. Mauzo yalifunguliwa tena mwaka 2025. Zaidi ya hapo, dishi linataka kuona mbingu wazi, na mwembe mmoja mkubwa unaweza kukata mawasiliano kila baada ya dakika kadhaa. Tena dishi la kawaida linakula wati 50 hadi 100 wakati wote likiwa kazini. Sola ya kuwasha taa tatu na kuchaji simu haiwezi kulibeba. Pigeni hesabu ya sola pamoja na hesabu ya dishi, au mtakuwa na sahani nzuri juu ya paa.

Wapo pia vijana wa soko wanaosambaza intaneti kwa antena kutoka paa hadi paa. Wengi hawana ramani yoyote, na wengine wanafanya kazi safi kuliko wakubwa. Waombeni waonyeshe leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kisha wapande paa lenu waangalie kama wanauona mnara wao kwa macho. Wasipouona, hakuna kazi hapo.

KABLA YA KUFUNGUA KASHA

Mtu wa mauzo akija, mpokeeni kwa heshima na mpeni chai. Kisha mwambieni alete ruta yake, aiwashe hapa hapa tunapotaka ikae, ndani ya nyumba, usiku saa mbili. Kama ana haraka ya kurudi mjini kabla ya giza, malipo nayo yangoje. Mwulizeni: tukikuta haifanyi kazi ndani ya siku saba au kumi na nne, pesa zinarudi? Aandike kwenye karatasi, atie sahihi na namba yake, na katibu aweke nakala. Ulizeni kama kasi inapunguzwa bando likifika kiasi fulani. Ulizeni kama ruta inakubali laini ya kampuni nyingine au imefungwa. Hilo la mwisho ni kubwa, kwa sababu ruta iliyofungwa ikikosa netiwaki inakuwa kopo.

Na uamuzi usiwe wa mtu mmoja. Vipimo visomwe mbele ya mkutano, viingizwe katika kumbukumbu, wanachama wapige kura. Hapo hata mambo yakiharibika hakuna atakayeulizwa peke yake alikula nini.

Kama vipimo vyenu vinapingana na ramani ya kampuni, msivitupe. Andikieni kampuni barua, muweke jina la kata ndogo, tarehe, saa, na zile namba za deni. Wasipojibu, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na nakala ya barua ya kwanza. Chifu naye apate nakala, kwa sababu watu wa Mfuko wakija kuuliza, mlango wa kwanza watakaobisha ni wake.

Kile kikundi cha Mbooni kilifanya kazi hii baadaye, kwa uchungu. Walipima mahali patano. Nyumbani kwa mweka hazina deni lilikuwa 117 ndani na 108 nje. Katika banda la kukusanyia maembe, juu kidogo ya njia ya shule, laini ya kampuni nyingine kabisa ilitoa 91, na usiku megabiti 6. Banda hilo halina ukuta, paa tu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria, kwa sababu lilikuwa mahali pa maembe. Ruta ya kwanza ilikuwa imefungwa, kwa hiyo iko kabatini mpaka leo. Walichanga tena, kidogo kidogo, wakanunua iliyo wazi. Daftari la vipimo lilisomwa mkutanoni ukurasa kwa ukurasa, na aliyesoma alikuwa mweka hazina mwenyewe. Mwaka huo walimchagua tena.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Mti wa netiwaki wa kijiji chenu uko wapi? Nani hawezi kuufikia, na kwa nini?

Chukueni ramani za kampuni mbili. Someni ufunguo wa kila moja kwa sauti. Je, rangi zina maana moja?

Kikundi chenu kimewahi kununua kitu kwa kuamini picha au maneno ya muuzaji? Lawama zilimwangukia nani?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, wanachama watatu wapime mahali patatu, saa mbili usiku, ndani ya nyumba. Leteni daftari.